Kuripoti Marekani na China: Anza kwa Kuuliza Mwandishi Ameingiaje

Ukisikia mwandishi fulani ana visa ya J-1, uliza kwanza: J-1 ya nani? Kwa China, J-1 ni visa ya mwandishi wa habari wa kigeni anayekwenda kukaa zaidi ya siku 180, na J-2 ni ya mwandishi anayekwenda kwa siku 180 au pungufu. Kwa Marekani, J-1 ni visa ya mgeni wa mipango ya kubadilishana, awe mwanafunzi, mtafiti au mhariri aliyealikwa kuzungushwa majimbo matatu, na J-2 ni ya mke, mume au mtoto wake. Anayekwenda Marekani kufanya kazi ya habari hupewa visa ya I. Herufi ni ile ile na tarakimu ni ile ile, lakini moja inakuruhusu kuuliza maswali na nyingine inakufanya mgeni wa mtu.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha kazi yote. Kati ya Washington na Beijing mwandishi hakai pembeni ya uwanja akitazama. Visa yake huwekwa mezani pamoja na ushuru, soya na chipu za kompyuta, na akifukuzwa mmoja huku, hutafutwa wa kumlipia kule. Mwongozo huu ni wa mwandishi, mhariri au mfasiri wa dawati la kimataifa anayeshughulikia habari hizi kwa Kiswahili, na wa yule aliyepokea barua ya mwaliko kutoka upande mmoja na hajaamua aifanyeje.

Tazama habari imetoka mji gani

Kabla ya aya ya kwanza, soma jina la mji lililotangulia. Habari ya China iliyotumwa kutoka Beijing, Shanghai au Chengdu ina mtu aliyeweza kwenda kubisha hodi. Iliyotumwa kutoka Taipei, Seoul au Singapore mara nyingi imejengwa kwa simu, nyaraka, picha za satelaiti na mitandao ya kijamii ya Kichina. Haiwi habari mbaya kwa sababu hiyo. Sehemu kubwa ya yanayojulikana kuhusu kambi walikozuiliwa Waislamu wa Uighur mkoani Xinjiang ilipatikana kwa nyaraka na picha za angani. Lakini msomaji ana haki ya kujua, kwa kuwa "mkazi mmoja" aliyeokotwa Weibo si sawa na mkazi aliyezungumza na ripota sokoni.

Waandishi wengi wako nje kwa sababu ya yaliyotokea mwaka 2020. Uwe na mfuatano wake kichwani, maana kila mzozo mpya wa visa unapita njia ile ile. Februari 18, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilitangaza kwamba vyombo vitano vya China, vikiwemo shirika la habari la Xinhua, televisheni ya CGTN na Redio China Kimataifa, vitahesabiwa kama ofisi za serikali ya kigeni. Kesho yake Beijing ikafuta vibali vya waandishi watatu wa Wall Street Journal. Sababu iliyotajwa ilikuwa kichwa cha makala ya maoni kilichoiita China mgonjwa wa Asia, makala ambayo hao watatu hawakuiandika. Machi 2 Washington ikaweka kikomo: raia wa China walioajiriwa na vyombo hivyo wapunguzwe kutoka 160 hivi hadi 100. Machi 17 China ikawataka Wamarekani wa New York Times, Wall Street Journal na Washington Post ambao vitambulisho vyao vya uandishi vilikuwa vinaisha mwaka huo wavirudishe ndani ya siku 10, na ikaongeza kuwa hawataruhusiwa kufanya kazi Hong Kong wala Macau. Mei, Marekani ikafupisha visa za I za Wachina kuwa za siku 90. Ahueni ilikuja Novemba 2021, Biden na Xi walipozungumza kwa video na pande mbili zikakubali kupeana visa za mwaka mmoja za kuingia mara nyingi.

Angalia nani aliadhibiwa. Si mwandishi wa maoni wala mhariri aliyetunga kichwa. Waliobeba mzigo ni watu waliokuwa karibu na mkono. Kisha angalia mizani: Washington ilihesabu vichwa vya wafanyakazi wa vyombo vya serikali, Beijing ikachagua magazeti ya binafsi yenye sauti kubwa. Hawakulipana kilo kwa kilo. Kwa hiyo usiandike "jino kwa jino" ukaishia hapo. Andika ni watu wangapi, wa chombo gani, kwa muda gani, na kama kibali kimefutwa, hakikuongezwa, au kimefupishwa. Hayo ni mambo matatu tofauti, na mara nyingi tafsiri za haraka huyaita yote "kufukuzwa".

Ugomvi wenyewe una umri wa bibi. Agosti 1956 China ilivialika vyombo 15 vya habari vya Marekani, na Waziri wa Mambo ya Nje John Foster Dulles akakataa kuviruhusu. Waandishi watatu walikwenda hata hivyo. Mmoja wao, William Worthy wa gazeti la Afro-American la Baltimore, alinyimwa pasipoti mpya aliporudi. Mwaka 1957 Dulles alilegeza, akaruhusu vyombo 24 vitume watu, lakini hakukubali kuahidi nafasi sawa kwa Wachina. Beijing ikafunga mlango. Nipe nikupe ndiyo iliyokwamisha mambo wakati ule, na ndiyo inayokwamisha hadi leo.

Ukitaka visa mwenyewe

Kwa safari ya China ya wiki mbili unahitaji J-2. Anza wiki 8 kabla. Andaa barua ya mhariri mkuu yenye nembo na sahihi, maelezo mafupi ya chombo chako, wasifu wako, na ratiba ya siku kwa siku yenye miji na majina ya taasisi unazotaka kuzihoji. Ongeza orodha ya vifaa: kamera, lenzi, vinasa sauti, kila kimoja na namba yake. Simu ya satelaiti na redio za mawasiliano zinahitaji kibali cha pekee, na kama huzihitaji kweli ziache nyumbani. Ubalozi hauamui peke yake, huuliza Beijing. Kinachochelewesha zaidi ni ratiba iliyoandikwa "mikutano na wadau mbalimbali", kwa kuwa anayeisoma Beijing hawezi kumpigia simu mdau asiye na jina. Tibet ina kibali chake kutoka kwa serikali ya mkoa huo, na bila hicho karatasi nyingine zote hazisaidii. Ukiichomeka katikati ya ratiba ya Guangzhou na Shanghai, unaweza kuikwamisha safari nzima.

J-1 huombwa na makao makuu ya chombo kwa Idara ya Habari ya Wizara ya Mambo ya Nje. Ukishawasili una siku 7 za kazi za kuomba kitambulisho cha uandishi, kisha unakwenda polisi kuomba kibali cha kuishi ndani ya siku 30. Ukilala hotelini, hoteli inakuandikisha. Ukipanga nyumba, jiandikishe mwenyewe kituoni ndani ya saa 24, na ukisafiri ukarudi uliza kama unatakiwa kujiandikisha upya. Wengi hukosea hapo, na kosa dogo la karatasi huwa kisingizio kizuri siku utakapokuwa umeandika jambo lisilopendeza.

Kumfukuza mwandishi kunapigiwa kelele duniani, kumwacha kibali chake kiishe hakupigiwi. Mwaka 2012 Bloomberg iliandika kuhusu mali za jamaa za Xi Jinping na New York Times kuhusu mali za familia ya Wen Jiabao, waziri mkuu wa wakati huo. Tovuti zao zilifungwa ndani ya China, na waandishi wapya wa vyombo hivyo walikaa muda mrefu bila kupewa visa. Kibali cha mwaka kinaweza kurudi kikiwa cha miezi sita, mitatu, au mmoja. Kwa hiyo unapohoji mwandishi aliyeko Beijing, muulize kibali chake ni cha muda gani. Jibu lake ni habari.

Kanuni za China za Oktoba 2008, Amri Namba 537 ya Baraza la Serikali, zinasema mwandishi wa kigeni anayetaka kumhoji mtu au taasisi anahitaji ridhaa ya huyo anayehojiwa. Chapisha nakala ya Kichina uiweke mfukoni. Askari wa kijijini hataondoka kwa kuisoma, lakini utakuwa na kitu cha kumwonyesha huku mkubwa wake akipigiwa simu.

Upande wa Marekani jaza fomu ya DS-160, lipa ada ya dola 185, peleka barua ya mwajiri na kitambulisho, kisha fanya usaili ubalozini. Mwandishi wa kujitegemea apeleke mkataba na chombo cha habari, kwa kuwa kusema "nitauza makala nikirudi" hakutoshi. Kosa la kawaida ni kuingia kwa visa ya matembezi ya B na kuanza kuhoji watu. Visa ya B inakutosha kwa likizo au kuhudhuria kongamano bila kuliripoti. Ofisa wa mpakani akiona kamera mbili na orodha ya mahojiano anaweza kukurudisha. Anaweza pia kufungua simu yako, hivyo majina ya vyanzo yasisafiri nawe. Agosti 2025 serikali ya Marekani ilipendekeza kanuni ya kuweka kikomo cha siku 240 kwa wenye visa ya I, na siku 90 kwa wenye pasipoti za China bara. Kabla ya kukata tiketi, angalia kanuni inayotumika siku hiyo.

Mkutano mmoja, taarifa mbili

Hapa ndipo dawati la Kiswahili hupata faida kubwa kwa gharama ndogo, maana huhitaji visa, unahitaji saa mbili na subira. Kila viongozi wa nchi hizi mbili wanapozungumza, kila upande hutoa taarifa yake. Usiandike kwa kutumia moja. Zifungue mbili sambamba, na kwa China tafuta ya Kichina, hata kama utaisoma kwa programu ya kutafsiri, kwa sababu toleo la Kiingereza la Xinhua wakati mwingine hupunguza au kulainisha.

Anza na nani aliyeomba mazungumzo. Taarifa za China za simu mara nyingi zina neno "yingyue", yaani kwa ombi la upande wa pili. Si neno la pambo. Linamwambia msomaji wa Kichina kwamba Xi hakuwa anamtafuta mtu, alitafutwa. Neno hilo lilikuwepo kwenye taarifa ya simu ya Xi na Trump ya Juni 5, 2025. Likikosekana, nalo ni jambo la kuulizia.

Kisha tafuta kilichomo kwenye moja na hakimo kwenye nyingine. Katika simu hiyo ya Juni 5, Trump aliandika mtandaoni kwamba walizungumza kama saa moja na nusu, karibu yote kuhusu biashara. Taarifa ya China ilikuwa na aya ya Xi akiionya Marekani iishughulikie Taiwan kwa uangalifu. Andika hivi: "China imesema Xi aliizungumzia Taiwan. Trump hakuitaja katika maelezo yake." Usiandike kwamba Taiwan haikujadiliwa, kwa kuwa kutotajwa na kutojadiliwa ni mambo mawili. Baada ya mkutano wa Bali wa Novemba 14, 2022, China iliandika kwamba Biden alisema Marekani haiungi mkono uhuru wa Taiwan. Marekani yenyewe iliandika kwamba sera yake ya China Moja haijabadilika na kwamba inapinga upande wowote kubadili hali iliyopo kwa uamuzi wake peke yake. Ukizisoma haraka utaona zinafanana. Ukizisoma polepole utaona kila mmoja amechagua nusu ya sentensi anayoipenda.

Vitenzi ndivyo vinavyotuponza zaidi, na Kiswahili kinatuongezea mtego wake. Neno letu "kutambua" lina kazi mbili: kutambua serikali, yaani kuikubali kisheria, na kutambua jambo, yaani kulifahamu tu. Nyaraka za mwaka 1972 na 1979 zinaishi katikati ya maana hizo mbili. Katika tamko la pamoja la Shanghai la Februari 28, 1972, Marekani ilisema kwa Kiingereza kwamba inafahamu kuwa Wachina wa pande zote mbili za mlango wa bahari wa Taiwan wanashikilia kuna China moja tu na Taiwan ni sehemu yake, na kwamba haipingi msimamo huo. Toleo la Kichina lilitumia "renshidao", kufahamu. Katika tamko la 1979 la kuanzisha uhusiano wa kibalozi Kiingereza kilibaki na kitenzi kile kile, lakini Kichina kikawa "chengren", ambalo lina uzito wa kukiri au kukubali. Katika waraka huo huo wa 1979 kuna jambo ambalo Marekani kweli ililitambua kisheria: kwamba serikali ya Jamhuri ya Watu wa China ndiyo serikali pekee halali ya China. Kwa hiyo ukiandika "Marekani inatambua kwamba Taiwan ni sehemu ya China" umeipa Beijing kitu ambacho Washington inasema haikukitoa. Andika "Marekani inasema inaufahamu msimamo wa China kwamba Taiwan ni sehemu yake", na utumie "inaitambua" kwa serikali ya Beijing tu. Sentensi inakuwa ndefu kidogo. Iache iwe ndefu.

Pacha wa mtego huo ni sera na kanuni. Washington husema "sera" ya China Moja, Beijing husema "kanuni" ya China Moja. Mawaziri wetu wa Afrika Mashariki wakitoa tamko la pamoja na China mara nyingi hutumia neno la Beijing. Ukilibadilisha ili makala isomeke vizuri, umebadilisha msimamo wa serikali bila serikali kujua.

Vivumishi navyo vina bei. "Tancheng", mazungumzo ya wazi au ya ukweli, kwa kawaida humaanisha walibishana. Vikifuatana "ya wazi, ya kina na yenye manufaa", walibishana lakini kuna kilichopatikana. Neno "kirafiki" likitoweka katika taarifa ambayo mara ya mwisho lilikuwamo, litaje.

Mkutano wa kila siku wa msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje ya China huanza saa tisa alasiri ya Beijing, Jumatatu hadi Ijumaa, ambayo kwetu ni saa nne asubuhi. Huwa na mapumziko ya wiki mbili mwezi Agosti. Wizara huchapisha maswali na majibu tovutini, lakini si kila swali lililoulizwa ukumbini hufika tovutini. Hivyo ukitumia maandishi hayo sema ni ya wizara, na ukiweza tafuta waandishi waliokuwemo waliuliza nini. Swali lililofutwa linaweza kuwa na uzito kuliko jibu lililobaki.

Barua ya mwaliko

Mipango ya kubadilishana inayowafikia waandishi wa Afrika Mashariki ni ya aina mbili kuu. Marekani ina IVLP, mpango wake wa kualika wageni ulioanza mwaka 1940, na ndani yake mpango wa waandishi uliopewa jina la Edward R. Murrow. Hakuna fomu ya kuomba, ubalozi ndio hukuteua, na ziara hufika hadi wiki tatu. Visa yake ni ile J-1 ya kubadilishana, na kwa ziara zinazolipwa na serikali kuna sharti la kurudi kwenu miaka miwili kabla ya kuomba visa za aina fulani, hivyo soma fomu ya DS-2019 kabla ya kuitia sahihi. China ina kituo cha CIPCC, ambacho huwaweka waandishi wa Afrika na Asia Beijing kwa miezi kadhaa, wakiwemo wa Kenya, Tanzania na Uganda. Kati ya Marekani na China zenyewe, mabadilishano ya waandishi hupita zaidi kwenye Shirikisho la Waandishi wa Habari la China Yote na taasisi kama East-West Center ya Honolulu.

Pande zote mbili zina nia. Hakuna serikali inayolipa tiketi na hoteli ili uone mabaya yake. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na jembe hapa ni makala. Kwa hiyo kabla ya kukubali uliza kwa maandishi: nani analipa tiketi, malazi na posho, na ni kiasi gani; nani atasoma makala kabla haijachapishwa (jibu pekee la kukubalika ni mhariri wako); mkalimani ameajiriwa na nani; na kuna saa ngapi ambazo si za ratiba. Kwa ziara ya siku 10, dai angalau nusu siku nne zisizo na basi la pamoja. Usipozidai mapema hutazipata, kwa kuwa ratiba hujazwa tangu chai ya asubuhi hadi chakula cha jioni, na uchovu wenyewe hufanya kazi ya kukuzuia.

Lipa mkalimani wako kwa hizo nusu siku. Rekodi kila mahojiano, na ukirudi mpe mtu mwingine ayasikilize upya. Mkalimani wa wenyeji hufupisha dakika tatu za mkulima kuwa "anasema maisha yameboreka", na huenda si kwa hila, amechoka tu. Katika kiwanda, muulize mfanyakazi swali la namba: zamu saa ngapi, chumba watu wangapi, likizo siku ngapi. Namba hazifupishwi kirahisi.

Makala ikitoka, mstari wa mwisho useme: "Mwandishi alisafiri kwa gharama za" fulani. Mstari huo huo utumie kwa Washington na kwa Beijing. Fanya hivyo pia kwa habari unazochukua. Xinhua ni ya serikali. Sauti ya Amerika hulipiwa na serikali, na wasikilizaji wa Kiswahili waliliona hilo Machi 2025, agizo la Ikulu lilipofuatiwa na karibu wafanyakazi wote kupewa likizo na matangazo kunyamaza. Matangazo ya Kiswahili ya Beijing yalianza mwaka 1961, ya Washington mwaka 1962, na ukaribu huo wa miaka si bahati nasibu. Kwa vyombo vya China vilivyoko Marekani, fungua daftari la umma la sheria ya FARA ya mwaka 1938, ambayo huwataka mawakala wa nchi za nje wajiandikishe. China Daily imo tangu 1983, CGTN ya Marekani tangu 2019, Xinhua tangu 2021. Utaona humo malipo ya China Daily kwa magazeti ya Marekani yaliyobeba kurasa zake za matangazo. Kuingia ni bure, na ni wachache wanaoingia.

Aliyebaki nyuma

Raia wa China haruhusiwi kuwa mwandishi mwenye kibali wa chombo cha kigeni nchini mwake. Huajiriwa kama msaidizi wa habari, kupitia kampuni za huduma zilizoidhinishwa na serikali. Hufanya nusu ya kazi na hana kinga ya pasipoti. Desemba 2020 mfanyakazi Mchina wa Bloomberg alikamatwa Beijing, akaachiwa kwa dhamana Januari 2022. Sheria ya kupambana na ujasusi iliyorekebishwa na kuanza kutumika Julai 1, 2023 imepanua mambo yanayoweza kuitwa ujasusi hadi nyaraka na data zinazohusu usalama wa taifa. Wewe utapanda ndege, yeye atabaki. Usimshukuru kwa jina mtandaoni, usipige naye picha kazini, na usimtumie maswali nyeti kwa WeChat. Mwache yeye aamue ni mahojiano gani hataki kuwemo, na usimuulize sababu.

Uangalifu huo huo unafuata hadi Boston na Chicago. Mwanafunzi wa Kichina anayekuambia kwa uhuru anachofikiri ana wazazi Henan. Muulize mara mbili kama jina lake litumike: mara moja kabla ya mahojiano, mara nyingine baada ya kumsomea nukuu zake.

Vipimo vya kuangalia kila mara

Maneno ya viongozi hupanda na kushuka kwa wiki, lakini idadi ya watu wanaovuka hubadilika polepole na haidanganyi sana. Weka jedwali lako. Wanafunzi Wachina Marekani walikuwa 372,532 mwaka wa masomo 2019/20 na 277,398 mwaka 2023/24. Wamarekani waliokwenda kusoma China walizidi 11,000 kabla ya janga la korona, wakawa 211 tu mwaka 2021/22. Ndiyo maana Novemba 2023, akiwa San Francisco, Xi alisema China iko tayari kualika vijana 50,000 wa Kimarekani kwa miaka mitano. Ndege nazo: kuanzia Machi 31, 2024 Marekani iliyaruhusu mashirika ya China safari 50 kwa wiki kutoka 35, wakati kabla ya janga kila upande ulikuwa na zaidi ya 150. Ongeza safu ya vitu vilivyofungwa na havijafunguliwa: ubalozi mdogo wa China Houston na wa Marekani Chengdu, vyote Julai 2020, mpango wa Marekani wa ufadhili wa masomo wa Fulbright kwa China na Hong Kong, mwezi huo huo, na kikosi cha Marekani cha wanaojitolea, Peace Corps, mwaka huo huo. Na safu ya vilivyookolewa: mkataba wa sayansi na teknolojia wa 1979 uliongezwa miaka mitano Desemba 2024.

Tazama pia nani ameingia pamoja na wageni. Oktoba 1, 1970 mwandishi Mmarekani Edgar Snow alisimamishwa kando ya Mao juu ya lango la Tiananmen, na Desemba Mao akamwambia Snow kwamba Rais Nixon angekaribishwa. Washington haikuisoma picha ile. Timu ya Marekani ya mpira wa meza ilipovuka kutoka Hong Kong Aprili 10, 1971, waandishi wa Kimarekani waliruhusiwa kuifuata, akiwemo John Roderick wa shirika la habari la AP. Aprili 14 waziri mkuu wa China, Zhou Enlai, aliwapokea, na siku hiyo hiyo Nixon akatangaza kulegeza vikwazo vya biashara. Kwa hiyo timu, kwaya au ujumbe wa magavana ukienda, omba orodha ya waandishi waliopewa visa za kuwafuata, na uilinganishe na ya safari iliyopita.

Kwa saa za Afrika Mashariki, Beijing iko mbele yetu saa tano, Washington nyuma yetu saa saba wakati wa kiangazi chao na nane wakati wa baridi. Simu iliyopigwa saa tatu asubuhi ya Washington mwezi Juni ni saa kumi alasiri kwetu na saa tatu usiku Beijing. Zile taarifa mbili hazitoki pamoja. Ukilazimika kuchapisha ukiwa na moja tu, andika katika aya ya pili kwamba upande wa pili haujatoa yake, weka saa, na mpangie mtu wa zamu ya usiku aifungue makala upya.